Chumba cha Mtoto Mlemavu: Historia ya Haki Iliyodaiwa Mahakamani



 

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, leo tunazungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali na Kinindo: msaada wa kodi ya nyumba nchini Uingereza, na idadi ya vyumba ambavyo kanuni za nchi ile zinaikubalia familia yenye mtoto mlemavu. Tumelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili wamehamia huko, kutoka Burundi, Kongo, Somalia, Kenya, Zanzibar na kwingineko, na wengi wao wanaishi katika nyumba za kupanga. Ya pili ni kwamba historia hii ni somo kwa kila familia. Inatuonyesha jinsi kanuni inayoonekana kuwa ya haki kwa wote inavyoweza kumsahau mtoto mmoja, na jinsi wazazi wasiokuwa na cheo wala mali walivyoilazimisha serikali imkumbuke.

MTOTO ALIYEHESABIWA NUSU

Serikali ya Uingereza haikuanza jana kuhesabu watu na vyumba. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake wa Glasgow waligoma kulipa kodi za nyumba zilizopandishwa ovyo. Aliyejulikana zaidi miongoni mwa viongozi wao ni Mary Barbour. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuzuia kodi kupanda. Mwaka 1919 ikaja sheria iliyozipa halmashauri jukumu la kujenga nyumba za kupangisha wananchi, na serikali kuu ikasaidia gharama. Hapo ndipo nyumba za halmashauri zilipoanza kujengwa kwa wingi.

Mwaka 1935 ikapitishwa sheria ya makazi iliyoweka kipimo cha msongamano. Kwa kipimo hicho, mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka 1 hahesabiwi kabisa. Mtoto wa mwaka 1 hadi asiyefikia miaka 10 anahesabiwa kuwa nusu mtu. Na watu wa jinsia mbili tofauti waliotimiza miaka 10, ambao si mume na mke, wasilazimike kulala chumba kimoja. Kipimo hicho kilihamishiwa katika sheria ya makazi ya mwaka 1985 na bado kimo humo.

Wanafunzi wa madrasa watakuwa wameshtuka kidogo kuona umri huo wa miaka 10, kwa sababu ndio umri uleule ambao mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanawataka wazazi wawatenganishe watoto katika malazi. Mataifa mawili, vitabu viwili, lakini wote waliona kwamba mtoto akifika umri fulani, mahali anapolala pana uhusiano na heshima yake.

Lakini tazameni kilichokosekana. Kipimo cha 1935 kilijua umri na kilijua jinsia. Hakikujua ugonjwa wala ulemavu. Mtoto mwenye miaka 8 alikuwa nusu mtu, hata kama anatumia kitanda cha hospitali, kiti cha magurudumu na mashine ya kumsaidia kupumua, na hata kama anahitaji mtu mzima wa kukesha naye. Mtoto wa namna hii hatumii nusu ya nafasi. Anatumia nafasi ya watu wawili au zaidi. Kosa hilo lilikaa kimya kwa muda mrefu, kisha likajitokeza katika pesa.

KUTOKA NYUMBA HADI POSHO

Kwa miaka mingi njia kubwa ya serikali kumsaidia maskini ilikuwa kumjengea nyumba na kumtoza kodi ndogo. Taratibu mkazo ukahama kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye posho. Mwaka 1972 Bunge lilipitisha utaratibu wa nchi nzima wa kuwapunguzia kodi wapangaji wenye kipato kidogo. Kisha kwa sheria ya mwaka 1982, iliyotekelezwa kikamilifu mwaka 1983, ikazaliwa posho moja ya nyumba inayosimamiwa na halmashauri.

Mwaka 2008 posho ya wapangaji wa nyumba za watu binafsi ilibadilishwa. Badala ya kutazama kodi halisi ya nyumba fulani, halmashauri ikaanza kutazama idadi ya vyumba ambavyo familia inastahiki, kisha ikalipa kwa kiwango cha eneo lile. Hesabu ya vyumba vya kulala ikawa hivi:

1. Mume na mke, chumba kimoja.
2. Kila mtu mwingine mwenye miaka 16 au zaidi, chumba chake.
3. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16, chumba kimoja.
4. Watoto wawili walio chini ya miaka 10, wawe wa jinsia yoyote, chumba kimoja.
5. Mtoto aliyebaki bila mwenzake, chumba chake.

Mwaka 2011 kiwango cha vyumba vitano kilifutwa, na kikomo kikawa vyumba vinne. Familia zetu zenye watoto wengi zinaelewa mara moja maana ya kikomo hicho. Mwaka huohuo kanuni zikaongezwa jambo jema: mpangaji mlemavu, au mume au mke wake, akihitaji mhudumu anayekuja kulala usiku bila kuwa mkazi wa nyumba, basi apewe chumba kimoja cha ziada kwa ajili ya mhudumu huyo.

Someni tena sentensi hiyo. Mpangaji, au mume au mke wake. Mtoto hakutajwa. Neno moja halikuandikwa, na watoto waliohitaji kukeshewa usiku wakabaki nje ya mlango.

FAMILIA YA GORRY

Kesi ya kwanza kubwa ilihusu wapangaji wa nyumba binafsi. Zilikuwa kesi tatu zilizosikilizwa pamoja, na wanasheria huziita kwa jina la Burnip. Mbili zilihusu watu wazima walemavu waliohitaji wahudumu wa usiku kabla ya mabadiliko ya 2011. Ya tatu ilihusu familia ya Gorry dhidi ya halmashauri ya Wiltshire.

Katika familia hii walikuwamo mabinti wawili, kila mmoja na ulemavu wake. Mmoja alizaliwa na hali ya Down, na mwingine na mgongo wazi. Mahitaji yao ya usiku hayakupatana, na kulala chumba kimoja haikuwezekana. Lakini kanuni ilisema kwamba wasichana wawili walio chini ya miaka 16 wanatosha chumba kimoja. Kwa hiyo posho ikakatwa kana kwamba chumba cha pili cha wasichana ni anasa.

Hoja ya serikali ilikuwa rahisi: kanuni ni moja kwa wote, hakuna aliyebaguliwa. Mzazi tajiri, maskini, mzima, mgonjwa, wote hesabu yao ni ileile. Na hapa, ndugu wanafunzi, ndipo penye kiini cha makala hii. Je, kuwatendea watu wote sawasawa ndiyo haki?

Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya tarehe 6 Aprili 2000, katika kesi ya Thlimmenos dhidi ya Ugiriki. Mtu huyo alikataa kuvaa sare ya jeshi kwa sababu ya dini yake, akahukumiwa. Baadaye alinyimwa kazi ya uhasibu kwa sababu kanuni ilisema aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa zito haruhusiwi. Mahakama ilisema kwamba ubaguzi hauwi tu pale watu walio sawa wanapotendewa tofauti. Ubaguzi huwa pia pale watu walio katika hali tofauti kabisa wanapotendewa sawasawa, bila sababu ya maana.

Tarehe 15 Mei 2012 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilitumia msingi huo na kuwapa ushindi walalamikaji wote watatu. Serikali ilikuwa imejitetea pia kwamba ipo fungu la hiari katika halmashauri, na familia iliyopungukiwa inaweza kuomba humo. Mahakama haikutosheka. Fungu la hiari hutolewa leo na kukataliwa kesho, lina kiasi kidogo, na mzazi hawezi kupanga maisha ya mtoto mlemavu kwa msaada asiojua kama utakuwapo mwaka ujao.

Serikali ilitaka kukata rufaa zaidi, lakini Machi 2013 ikaacha. Tarehe 4 Desemba 2013 kanuni zikarekebishwa rasmi: mtoto ambaye kwa sababu ya ulemavu hawezi kulala chumba kimoja na mwenzake ahesabiwe chumba chake.

USHURU WA CHUMBA

Wakati huohuo jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kuanza. Kwa sheria ya mwaka 2012, kuanzia tarehe 1 Aprili 2013 hesabu ya vyumba ilipelekwa hadi kwa wapangaji wa nyumba za halmashauri na mashirika ya makazi, wale walio katika umri wa kufanya kazi. Mwenye chumba kimoja kilichozidi akakatwa asilimia 14 ya kodi inayotambuliwa katika posho. Mwenye viwili au zaidi akakatwa asilimia 25. Wazee waliofikia umri wa pensheni waliachwa.

Serikali iliita hatua hiyo kuondoa ruzuku ya chumba cha ziada. Wapinzani waliiita ushuru wa chumba, na jina hilo ndilo lililoshika. Sisi wa Kiswahili tunalitumia neno kodi kwa malipo ya serikali na pia kwa malipo ya mwenye nyumba, kwa hiyo tunaweza kuuelewa ubishi ule kuliko wenyewe.

Serikali ilikuwa na hoja yake, na uadilifu unatutaka tuitaje. Kulikuwa na familia zilizobanana huku wengine wakikaa katika nyumba kubwa kuliko haja yao, na mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi tayari alikuwa akipimwa kwa hesabu ya vyumba. Makadirio ya serikali yenyewe yalisema kaya zipatazo 660,000 zingeguswa. Lakini sehemu kubwa ya kaya hizo zilikuwa na mtu mlemavu, na nyumba ndogo za kuhamia zilikuwa chache katika maeneo mengi. Zaidi ya hayo, nyumba ya mlemavu mara nyingi imekwisha kurekebishwa: milango imepanuliwa, bafu limeshushwa, winchi ya kumnyanyua imefungwa darini. Ukimhamisha, unaacha marekebisho yote nyuma na kuyalipia upya kwingine.

Scotland ilichukua njia nyingine. Serikali yake ilitenga fedha za kuziba pengo lote, ili mpangaji asiumie. Ireland ya Kaskazini nayo iliweka malipo ya fidia ulipoanza utaratibu huo huko mwaka 2017. England na Wales makato yanaendelea hadi leo.

BABU NA BIBI WA WALES

Sasa tufike kwenye kesi iliyogusa nyoyo za wengi. Huko Pembrokeshire, magharibi mwa Wales, babu na bibi wa familia ya Rutherford walikuwa wakimlea mjukuu wao mwenye maradhi adimu ya kurithi. Mtoto huyo alihitaji uangalizi mchana na usiku. Walikaa katika nyumba ya vyumba vitatu iliyorekebishwa kwa ajili yake: chumba chao, chumba cha mtoto, na chumba cha wahudumu waliokuja kulala baadhi ya siku za wiki ili wazee wale wapate kupumzika.

Kanuni ikasema chumba cha tatu ni cha ziada. Lau mgonjwa angekuwa ni babu, chumba cha mhudumu kingehesabiwa. Kwa kuwa mgonjwa ni mtoto, hakikuhesabiwa.

Upande mwingine walikuwapo watu wazima waliokwama kwa sababu ya kinyume chake. Katika kesi ya Carmichael, mke alikuwa na mgongo wazi na alihitaji kitanda maalumu, hata mumewe asingeweza kulala naye chumba kimoja. Watoto wasioweza kulala pamoja walikuwa wamekwisha kuruhusiwa vyumba viwili tangu Desemba 2013. Mume na mke hawakuruhusiwa.

Wekeni mambo haya mawili pamoja. Mtu mzima anapata chumba cha mhudumu, mtoto hapati. Mtoto anapata chumba cha peke yake, mume na mke hawapati. Kila kundi lilinyimwa kile ambacho mwenzake alipewa, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Mwaka 2014 wazee wa Pembrokeshire walishindwa katika Mahakama Kuu, kwa kuwa halmashauri ilikuwa ikiwafidia kwa fungu la hiari. Tarehe 27 Januari 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 9 Novemba 2016 majaji saba wa Mahakama ya Juu kwa kauli moja wakasema kwamba familia ya Rutherford na familia ya Carmichael zilibaguliwa, na kwamba tofauti hizo hazikuwa na sababu ya maana. Kesi nyingine zilizosikilizwa siku zile zilishindwa, ikiwamo ya mwanamke aliyewekewa chumba cha kujihifadhi dhidi ya mtu aliyemtendea ukatili. Huyo hakukata tamaa. Tarehe 24 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa haki yake.

Kanuni zilibadilishwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2017. Tangu siku hiyo mtoto mlemavu anayehitaji mhudumu wa usiku huhesabiwa chumba cha mhudumu, na mume na mke wasioweza kulala pamoja kwa sababu ya ulemavu huhesabiwa vyumba viwili. Likabaki swali la wale waliokatwa kabla ya tarehe hiyo. Novemba 13, 2019, Mahakama ya Juu ikasema kwamba chombo cha serikali hakiwezi kutekeleza kanuni ndogo inayovunja haki za binadamu. Ni lazima kanuni hiyo iwekwe kando katika madai hayo.

Kutoka Mei 2012 hadi Novemba 2019 ni miaka saba na nusu. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 kesi zilipoanza kushinda alikuwa na zaidi ya miaka 15 zilipomalizika. Haki ilipatikana, lakini utoto ulikuwa umekwisha kupita.

MAMBO AMBAYO NDUGU ZETU WALIOKO HUKO WAYAJUE

Kwa kuwa baadhi ya wasomaji wana watoto na ndugu katika miji ya Uingereza, tunafupisha hali ilivyo sasa:

1. Chumba cha ziada hakiji chenyewe. Ni lazima familia iwe na chumba hicho kweli katika nyumba, na ieleze hali yake kwa halmashauri au kwa ofisi ya malipo.

2. Mtoto awe anapokea posho ya ulemavu ya watoto, sehemu ya uangalizi, kwa kiwango cha kati au cha juu, au posho ya Scotland iliyochukua nafasi yake. Wazazi wengi wanaona haya kuiomba, na bila hiyo mlango wa chumba haufunguki.

3. Kwa watoto wasioweza kulala pamoja, anayeamua ni ofisi, kwa kutazama ushahidi. Barua ya daktari iseme waziwazi kinachotokea usiku: kelele, degedege, mashine, mara ngapi mtoto huamka, na mwenzake hudhurika vipi.

4. Kwa mhudumu wa usiku, si lazima alale kila siku, lakini awe anakuja kwa utaratibu na asiwe mkazi wa nyumba. Mama anayekesha na mwanawe hahesabiwi kuwa mhudumu wa kanuni hii, ingawa mbele ya Allah ujira wake ni mkubwa.

5. Katika nyumba za watu binafsi kikomo cha vyumba vinne bado kipo, hata kama hesabu ya familia inafika vitano.

6. Uamuzi usioridhisha hukatiwa rufaa, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Barua ya ofisi isiwekwe juu ya kabati kwa kusubiri mtu wa kuisoma.

KABLA YA MAHAKAMA HIZO

Wanafunzi wasidhani kwamba fikra ya serikali kumtazama mtoto na mlemavu ilianzia Ulaya. Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) alipoweka daftari la posho, mtoto alikuwa akianza kupata sehemu yake anapoachishwa ziwa. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alisikia mtoto akilia, na alipouliza akaambiwa mama anamwachisha mapema ili jina lake liingie daftarini. Umar alihuzunika sana, akaamuru kila mtoto aandikiwe tangu kuzaliwa. Kanuni ilikuwa na nia njema, lakini iliwadhuru watoto, na mwenye mamlaka aliibadilisha mara alipousikia ukweli. Hakusubiri miaka saba. Na wanahistoria wanamtaja Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia 705 hadi 715, kuwa aliwapangia wasiojiweza posho, akampa kipofu wa kumwongoza na kiwete wa kumhudumia. Ukiangalia vizuri, huyo ndiye mhudumu aliyegombaniwa mahakamani London mwaka 2016.

Katika Afrika Mashariki yetu pia nyumba zimewahi kuwa sadaka. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba nyingi za wakf, na Tume ya Wakf iliyoanzishwa huko mwaka 1905 ilizisimamia. Maskini wengi waliishi humo bure au kwa kodi ndogo mno.

NA SISI HAPA BUJUMBURA

Mji wetu nao una historia ya kupimiwa nyumba. Wabelgiji walipoutawala mji ukiitwa Usumbura, waliwapangia Waafrika mitaa yao, na Waislamu wengi wa Kiswahili wakawa Buyenzi. Katika miaka ya 1950 ofisi yao ya makazi ya Waafrika, OCAF, ilijenga mtaa ambao leo unaitwa Ngagara, na wazee bado wanauita kwa herufi hizo. Nyumba zile zilichorwa kwa ajili ya familia ya kufikirika. Mtoto asiyeweza kutembea hakuwamo katika mchoro.

Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na tarehe 10 Januari 2018 ikapata sheria yake ya kukuza na kulinda haki za watu wenye ulemavu. Ni hatua ya kushukuru. Lakini mpangaji wa Kinindo au Buyenzi hana posho ya serikali inayohesabu chumba cha mwanawe. Hesabu hiyo tunaifanya wenyewe, na mara nyingi tunaifanya vibaya. Chumba kizuri tunakiweka kwa wageni, wanaokuja mara chache. Mtoto mlemavu tunamlaza sebuleni au chumba cha nyuma, karibu na stoo, eti asionekane. Wengine hulazimika kwa ufukwara, na hao hawana lawama. Lakini wengine wana nafasi, na wanachokosa ni hesabu ya haki.

Kwa hiyo tunawausia wazazi mambo machache. Anayejenga aache chumba kimoja kisicho na ngazi, chenye mlango wa sentimita 80 au 90 ili kiti cha magurudumu kipite, karibu na choo na maji. Anayepangisha asimfukuze mpangaji wala kumpandishia kodi kwa sababu mwanawe analia usiku. Ndugu wa ukoo wamhesabie mama anayekesha zamu yake ya kulala, hata mara mbili kwa wiki, kama wale wahudumu wa Pembrokeshire. Na kamati za misikiti, zinapogawa zaka na sadaka, ziulize pia habari za kodi ya nyumba, wala zisiishie kwenye unga na mchele tu. Masuala ya fatwa tunawaachia masheikh wetu, lakini kuuliza hali ya jirani hakuhitaji fatwa.

Na kwenu wanafunzi, tunawaachia swali mlijadili pamoja. Mkipewa ndugu wanne na mkate mmoja, na mmoja wao hana meno, je, haki ni kuugawa mkate mafungu manne yaliyo sawa, au ni kwanza kumlainishia asiye na meno fungu lake? Majaji wa London walihitaji miaka kulijibu swali hilo. Nyinyi mnaweza kulijibu leo jioni, nyumbani kwenu, kwa kutazama nani analala wapi.

Tunamuomba Allah awape subira na malipo wazazi wote wanaolea watoto wenye ulemavu, awape watoto hao afya na heshima, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia kilio cha mtoto usiku na kukifanyia kazi. Aamiin.